Ndugu wa Ruth

Jumanne, katika hospitali moja ya Tunduma, mama aliyetoka kijiji cha Ruanda, si mbali na hapo, alimwambia nesi wa dirishani, "Namtafuta mwanangu, Luti. Ameletwa jana, mgonjwa, akitokea Zambia."

Nesi alipitisha kidole kwenye majina ya herufi L. "Luti hayupo, mama."

Mama akaja kuketi kando yangu kwenye benchi la mlangoni pa wodi, amekumbatia chupa ya uji. Baadaye nesi wa wodini akatoka, akaita mara tatu, "Ndugu wa Ruth!" Hakuna aliyeinuka.

Mimi ni Mnyiha kama yeye, lakini nilichelewa kukumbuka kwamba ndimi zetu huigeuza R kuwa L. Tulipoingia wodini, binti alikwisha kufunikwa shuka.

"Alikuwa anakuulizia," nesi alisema.

"Nilikuwa hapo mlangoni," mama akajibu.

Siku hizi mtu akinitajia jina, namwomba alitaje tena, polepole.