Pole Yangu Iko Wapi?

Mashine ilisimikwa mlangoni mwa ukumbi wa chakula, katika hoteli moja ya Watamu nilikokuwa nikiandalia wageni chai ya asubuhi. Ilikuwa na nyuso tatu: wa kijani unacheka, wa manjano umenyamaza, mwekundu umenuna. Mgeni akishakula hubonyeza uso mmoja, akipenda huandika na neno, na kesho yake sisi wahudumu huonyeshwa ukutani tumependwa vipi. Mwenye nyekundu nyingi, msimu ukiisha, haitwi tena. Wallahi, zile nyuso zilinifuata hadi usingizini. Zilielea juu ya chandarua kama mapovu ya sabuni, nami nikizibembeleza zicheke.

Nyekundu zangu zilitokana na neno moja. Mgeni akijikwaa, akikohoa, akidondosha kijiko, mimi husema, "Sori." Kwa Kizungu changu, hiyo ndiyo pole. Wao wakaandika: mbona huyu anaomba msamaha kila saa, kuna nini hapa?

Msimamizi wetu, mama wa bara asiyependa mambo ya kuzungukazunguka, aliniita kando.

"Wewe ndio umemsukuma akaanguka?"

"La, madam."

"Sasa sori ni ya nini? Wacha hiyo kitu. Tabasamu, halafu uulize kama kuna kingine."

Nilitaka kumwambia kwamba pole siyo msamaha. Mtu hasemi pole kwa kuwa amekosa, husema kwa kuwa ameona mwenzake ameumia. Nikameza. Kazi ile ndiyo iliyotulisha mimi na mama. Nikajifunza kunyamaza na kuchekacheka, na jina langu ukutani likawa kijani tupu. Nilifurahi, sikatai. Asubuhi zikapita kwa utepetevu mtamu, upepo ukipeperusha vitambaa vya meza, nami nikipita katikati yao kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Ijumaa moja nilikuwa nyumbani kwetu, mtaa wa Barani. Jua la alasiri limelala sakafuni, nyumba nzima inanukia iliki, mama anakaanga mahamri. Mafuta yakamrukia mkononi. Nikakimbia, nikammwagia maji, nikamketisha mkekani. Kisha nikatabasamu.

"Kuna kingine nikusaidie, mama?"

Mama akanitazama weee, kama anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

"Kipo," akasema. "Pole yangu iko wapi?"

Loh! Niliitafuta nisiione. Mashavu yalikuwa bado yanacheka yenyewe, na neno nililolisikia kabla sijaota meno halikutoka. Niliogopa, niliogopa kwelikweli. Nikaushika ule mkono, nikaupuliza na kuupuliza mpaka machozi yakanitoka, ndipo na lenyewe likaja.

"Pole, mama. Pole, mamangu."

"Nishapoa," akajibu, kama tujibuvyo sisi, ingawa malengelenge yalikuwa yameanza kutunga. Akaniambia niyageuze mahamri yasiungue.

Jumatatu mgeni mmoja mzee aligonga goti kwenye meza yangu. "Sori," nikamwambia, na juu yake nikaongeza pole. Akitoka akabonyeza mashine, sikutazama uso gani. Tangu hapo sikuimeza tena, na aliyekohoa alipata yake. Wekundu ukarudi ukutani pole pole, na msimamizi akaacha hata kuniita kando.

Msimu ulipoisha, sikuwekwa miongoni mwa wa kurudi. Msimamizi mwenyewe alinisindikiza hadi getini. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu asubuhi, ya kumpasha mpaka ayasikie usingizini. Yeye akasimama anatazama viatu vyake. Akageuka kidogo kuangalia kule mlangoni kwa mashine, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, kama anayeiba, "Pole."

Sikuwa nimepoa hata chembe.

"Nishapoa," nikamjibu.