Kugongewa Ukuta

Fundi cherehani yule majirani walimbandika jina la Mama Taifa, na usidhani walikuwa wanamsifu moja kwa moja. Kila alfajiri, kabla hajafunua cherehani, alisimama katikati ya chumba chake akaliombea taifa: viongozi wapewe hekima, mvua inyeshe, mipaka ilindwe, wananchi wapendane. Na sauti aliyojaliwa, jamani! Ungedhani Mungu ana uziwi.

Upande wa pili wa ukuta alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Hawakuwa wamesemezana tangu walipogombea kamba ya kuanikia nguo. Kamba! Watu wazima wenye wajukuu. Maombi yakipamba moto, wifi alivua kandambili akagonga ukuta, maana yake punguza sauti, watu tumelala. Naye fundi, kwa ujeuri tu, aliongeza.

Asubuhi hiyo ukuta uligongwa mapema, hata hajafika kwa mawaziri. Ko. Kimya. Ko, ko.

"Haya, shetani keshaamka," akanong'ona, kisha akapaza sauti zaidi. "Maadui wa taifa hili walegee! Wagonjwa wote, popote walipo, wainuke!"

Kugonga kukakoma. Moyoni akajipongeza kwamba leo kamkomesha. Akaendelea bila haraka, mkoa baada ya mkoa, asiruke hata mmoja. Alipomaliza ndipo akajifunga kanga kiunoni, akatoka kwenda kumpa wifi vidonge vyake, yaani kumsema hadi achoke.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Wifi alikuwa sakafuni, kaegemea ukuta ule ule, kifua kimembana, midomo imebadilika rangi. Kandambili bado ilikuwa mkononi.

Hospitalini muuguzi alisema ni pumu, na kwamba wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza mengine.

"Wewe ni nani wake?"

"Wifi yake. Tunakaa ukuta kwa ukuta."

"Sasa hakuita mtu?"

Fundi akainamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu mbele ya muuguzi, aliona aibu mbele ya marehemu mumewe, na kwa Mungu ndiko hakuthubutu hata kutazama.

"Aliita," akasema.

Jioni wifi alipata nguvu ya kukaa. Fundi akamshika mkono, mkono ambao hakuwa ameugusa tangu enzi za ile kamba.

"Wifi yangu, nisamehe. Nilidhani unaninyamazisha. Nikazidisha makelele makusudi, nikukomeshe."

"Mbona nilikuwa nakusikia vizuri tu," wifi akajibu, pole pole, akikusanya pumzi. "Nilikuwa nakufuatisha neno kwa neno. Uliposema wagonjwa popote walipo, nikaweka mkono chini. Nikasema basi, wifi kanisikia, anakuja."