Mpaka Vanishi Ikauke

Marijani, mdogo wangu, alikufa Alhamisi kwa malaria. Tukamzika Ijumaa baada ya sala, na Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekaa mkekani nikiwaza chumvi. Kama chumvi ya wali wa msibani itatosha. Kichwani hamkuwa na kitu kingine. Wanawake waliokuja kunipa pole walinikumbatia wakalia, nami nikawa nawapigapiga mgongoni utadhani msiba ni wao. Nilimsikia mmoja akinong'ona kwamba Tunu ana roho ngumu. Niliogopa asije akawa anasema kweli. Marijani nilimlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki, na sasa sikuwa na hata chozi la kumlilia.

Alikuwa fundi wa kupiga vanishi hapa Keko. Wenzake walikata mbao na kugonga misumari, yeye alimalizia. Tangu makochi ya Dubai yaanze kushushwa bandarini wateja walipungua, na waliobaki walitaka mninga wao ung'ae kama hayo ya Dubai, ambayo ukiyakalia vibaya yanavunjika. Yeye na mkewe walikwishaachana, naye Marijani akahamia kwangu na sanduku moja. Alipenda pweza, alichukia kunyoa ndevu, na alibishana na kila mtu. Anasa yake ilikuwa moja tu: Anga Jipya, gazeti la katuni la kila Jumamosi, lenye hadithi za roketi na viumbe wa sayari nyingine. Jabiri, muuza magazeti, alimletea mpaka mkononi.

Tulisoma wote pale karakana, lakini kwa sheria yake. Anapiga kabati mkono wa kwanza wa vanishi, anakaa kwenye kigoda, anatusomea ukurasa mmoja kwa sauti, na mlio wa injini anauigiza mwenyewe. Kisha gazeti linalazwa kifudifudi. Halifunuliwi mpaka vanishi ikauke na mkono wa pili upigwe. Mimi niliyekuwa nauza uji palepale karakana nilikaribia kupasuka. Siku za mvua, vanishi inapogoma kukauka, nilimtukana waziwazi, naye alifurahi sana.

Jumamosi iliyotangulia hadithi iliishia pabaya. Kapteni Naima amefungiwa kwenye chumba cha chombo chake karibu na sayari ya Zohali, hewa imekwisha, wenzake wanaukata mlango.

"Huyo kafa," nilisema.

"Hajafa."

"Hewa imekwisha, Marijani! Anavuta nini, vanishi?"

"Dada, wewe huna imani hata na picha. Jumamosi mie nitakuwa hapahapa kwenye kigoda changu, nakucheka mpaka uombe radhi."

Basi Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo, nami nimekaa nawaza chumvi. Jabiri, ambaye hakuwa na habari, alikuta karakana imefungwa, akaingia uani kwetu kwa kelele zake za kawaida.

"Braza Marijani! Kitu kipya hicho!"

Akaona turubai, akaona mikeka na watu. Mkono wenye gazeti ukabaki juu. Alianza kuomba msamaha, lakini Albano alikwishalinyakua.

Albano alikuwa fundi mwenzake Marijani, Mnyamwezi wa Tabora. Kwetu Wazaramo huyo ni mtani, na mtani msibani hazuiliwi. Jana yake alikuwa amejilaza mbele ya jeneza akisema Marijani haendi popote kabla hajamalizia kabati la watu. Sasa alivaa aproni ya marehemu iliyokauka vanishi, akavuta na kigoda cha marehemu, vyote kavileta toka karakana, akalamba kidole, akaanza kusoma kwa sauti ya puani, sauti ya Marijani mtupu.

"Kapteni! Kapteni Naima, unatusikia?"

Akaigiza na msumeno ukikata chuma. Watu walicheka, hata wale waliokuwa wakilia. Mimi nilimtazama kama ninavyotazama ukuta. Ukurasa ukaisha, akalamba kidole tena ili afunue.

"Acha!"

Nilishangaa kwamba aliyepiga kelele ni mimi. Nilikuwa nimesimama.

"Vanishi haijakauka!"

Kicheko kilikatika. Nyuma yangu mtu akasema maskini, akili zimeanza kumruka. Albano hakucheka. Alililaza gazeti kifudifudi pajani, taratibu, kama alivyokuwa akifanya Marijani mwenyewe.

"Haya, mtani. Tusubiri ikauke."

Tukasubiri. Ua mzima wa watu wazima tulikaa kimya tukingoja kabati ambalo halikuwepo. Kuku wa jirani akapita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza. Mwishowe Albano akavua aproni, akaiacha kwenye kigoda, akaniletea gazeti mkekani.

"Imekauka," alisema. "Funua wewe."

Nikafunua. Mlango umekatwa, moshi umejaa, na Kapteni Naima ameketi sakafuni anakohoa. Yu hai. Nilirudia kuitazama picha ile, nikaona hasira zimenipanda, zilezile za kila anaponishinda.

"Haya, umeshinda wewe," nilisema, nikageukia kigodani nimwone anavyonicheka.

Palikuwa na aproni tu. Ndipo nilipolia.