Sarafu ya Ushindi

Kila nikisugua bomba la shaba, harufu inayobaki viganjani hunirudisha nyumbani kwetu Tengeru. Vita ilikuwa imekwisha, baba hajarudi. Shuleni walitugawia sarafu za kuadhimisha ushindi, zenye kichwa cha mfalme na utepe kama nishani, nikakimbia na yangu nyumbani. Mama alikuwa anaanua kahawa. Alipoiona, sinia likamponyoka, akaketi chini akilia. Jirani yetu aliletewa nishani inayofanana nayo mumewe alipofia vitani.

“Mama, ni ya shule tu!”

Akafuta machozi. Akaanza kuokota kahawa.

Baba hakurudi, na kwetu jeshi halikuleta kitu. Mama akaitundika ile yangu ukutani. Wageni walipouliza, aliwaambia ni ya baba.