Leo nimemdai mzee kiingilio

Jamani, leo nimesimamisha mieleka katikati ya pambano!

Mnaolijua banda langu la video hapa Dongobesh mnajua kiingilio kinalipwa mlangoni. Kama huna hela, leta mayai. Napokea.

Sasa kuna mzee mmoja, jirani yangu. Kila Jumamosi mieleka ikianza, huyo mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Namtafuta kijana wangu."

Anaingia. Anamtafuta mpaka pambano linaisha 😂

Na utamdaije mtu ambaye ndiyo kwanza umemwamkia? Nimeona haya wee, leo nikasema basi.

Nimemwamkia kwa heshima zote, halafu nikachukua rimoti. Picha ikasimama, jamaa yuko hewani, miguu juu. Banda zima likanizomea.

"Samahanini! Kijana wa mzee yuko humu? Atoke, baba yake anamtafuta."

Watu wakaanza kugeuka huku na huku.

Benchi la nyuma akasimama mama mmoja amejitanda shuka. Mke wa mzee! Nilipokea mayai yake mapema, nikasahau kabisa kwamba yumo.

"Kijana hayupo," akasema. "Mimi nilikuja kukutafuta wewe, baba Danieli. Lakini nililipa."

Weee! Watu walicheka mpaka mabenchi yakatikisika. Mzee akaingiza mkono mfukoni taratibu, akalipa, akaenda kukaa pembeni ya mkewe.

Kama nimekosa adabu niambieni hapo chini. Ila uamuzi wangu ndio huo, kwa mzee yeyote: shikamoo nitakupa, kiingilio utanipa.