Watovu wa Adabu Wanatafutwa Nether Wickling

Gwenda Tranter alikuwa mtu wa adabu kiasi cha kuchosha. Kwa miaka thelathini na minne aliwapikia watoto wa shule ya Nether Wickling, na mpaka leo wapo wanaume wenye vipara ambao wakikutana naye dukani hunyoosha mikono yao bila kuambiwa, kwanza migongo, halafu viganja, ili akague kama imeoshwa. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye huomba radhi. Mlango wa posta uliwahi kumpiga usoni siku ya upepo, na waliokuwepo wanaapa kwamba aliuambia samahani.

Kila siku saa sita na robo mchana alitoka kwake na kikapu kilichofunikwa taulo, akavuka shamba la Stallard kwa njia ya miguu, akapita kidaraja cha mbao juu ya kijito, na dakika kumi baadaye akawa kwenye kinu cha zamani anakokaa dada yake Iris. Iris ana miaka sabini na sita, nyonga moja ya chuma na nyingine ya kwake mwenyewe, na ya chuma ndiyo anayoiamini. Pai ilifika ikitoa moshi. Iris aliila, akaikosoa chumvi, na siku ikaendelea.

Daktari alikuwa amesema wazi: mradi mama huyu apate mlo mmoja wa moto kwa siku na mtu wa kumtupia jicho, anaweza kubaki kwake. Vinginevyo kuna chumba katika nyumba ya wazee mjini. Iris alionyeshwa picha za nyumba hiyo. Kila Jumatano kulikuwa na mtu wa kupiga kinanda.

"Afadhali makaburini," alisema Iris. "Kule angalau wananyamaza."

Basi wiki ya pili ya Machi Gwenda akafika shambani na kikapu chake, akakuta geti jipya, kufuli jipya na kibao kipya: *Shamba binafsi. Tafadhali msipite. Asanteni sana.* Mzee Stallard alikuwa amefariki wakati wa Krismasi, na shamba lilinunuliwa na Bwana Jolyon Pryce wa London, mtu mpole aliyekuja kijijini kutafuta utulivu na akashangaa kuona una watu ndani yake.

Gwenda alikisoma kibao mara mbili. Lilimgusa sana lile "asanteni". Kisha akageuka, akaenda kwa barabara ya lami, ambayo haina ukingo wa waenda kwa miguu bali ina ua wa miiba huku na huku, na katikati malori ya maziwa yanayoendeshwa na vijana wasioamini kwamba kuna kona. Ilimchukua dakika arobaini na tano. Mara tatu alijibanza kwenye miiba. Pai ilifika baridi kama mkono wa mkaguzi.

"Hii ni ya jana?" akauliza Iris.

"Ni ya leo, dada. Njia imefungwa."

Iris aliweka uma chini. Hakusema neno juu ya chumvi, na hapo Gwenda akajua kwamba dada yake ameogopa.

Kijiji kiliwaka, kwa kiwango chake. Mkutano wa halmashauri, ambao kwa kawaida huhudhuriwa na wajumbe watano na mtu mmoja aliyekuja kujikinga na mvua, ulijaa mpaka watu wakasimama. Karani wa halmashauri, Clement Ottley, aliyefanya kazi ya kukagua mizani ya wauza nyama maisha yake yote na bado huwatazama watu kana kwamba wamepungua gramu kadhaa, alieleza kwamba yapo matumaini. Umma ukipita mahali kwa miaka ishirini, njia inakuwa ya umma, na hakuna tajiri anayeweza kuifunga. Kinachotakiwa ni ushahidi. Akagawa fomu. Watu arobaini na watatu wakajaza kwa wino na kwa mwandiko mzuri.

Siku nne baadaye akamwita Gwenda ofisini kwake, yaani jikoni.

"Kaa, Bi Gwenda. Tumekwisha."

"Fomu hazikutosha?"

"Zimetosha na kuzidi. Balaa ni yaliyomo." Akavaa miwani. "Msikilize kasisi: 'Nimepita hapo miaka ishirini na moja, kwa hisani ya marehemu Bwana Stallard.' Hisani! Huyu hapa wa duka: 'Kila majira ya kuchipua nilimwomba, naye hakunikatalia kamwe.' Huyu ameambatisha nakala ya kadi ya shukrani. Na huyu wako wewe..."

"Yangu ina kasoro gani? Niliandika ukweli mtupu."

"Ndiyo kasoro yenyewe. 'Kila tarehe mosi Januari nilimpelekea Bwana Stallard chupa ya jemu ya plamu na kumwomba ruhusa ya mwaka mzima.' Miaka thelathini na moja! Bi Gwenda, umetuzika ndani ya jemu."

"Sikuelewi, karani."

Ottley alieleza polepole, kama anayemsomea mtu matokeo ya kipimo. Sheria inataka watu wawe wamepita bila nguvu, bila kificho na bila ruhusa. Aliyeomba na kukubaliwa ni mgeni tu, na mgeni huonyeshwa mlango wakati wowote. Haki inawaendea wale waliopita hadharani kana kwamba njia ni yao, bila kumuuliza mtu.

Gwenda alilitafakari hilo. "Kwa hiyo kama tungekuwa hatuna adabu..."

"Tungekuwa na njia."

"Unahitaji watu wangapi?"

"Saba au wanane wananitosha. Lakini wawe watovu wa adabu kwelikweli, kwa miaka ishirini mfululizo, na mchana kweupe. Afisa wa kaunti anakuja baada ya wiki tatu."

"Hapa Nether Wickling?" akasema Gwenda. "Utawapata wapi?"

Alianza na Dudley Frape, kwa sababu kila kijiji kina mtu ambaye humtaja kwanza kinapotafuta tabia mbaya. Alimkuta kwenye baa mchana, akimlaumu mbwa wake kwa jambo fulani.

"Mimi kumwomba Stallard?" Dudley alicheka. "Mama, mimi sijamwomba hata Mungu. Mwaka ule alipoweka mnyororo, nilikuja na mkasi wa chuma, nikaukata vipande vitatu."

Gwenda alishangilia njia nzima. Ottley akamzima kwa neno moja: nguvu. Aliyekata mnyororo hahesabiwi.

Akaenda kwa Lavinia Crabbe, mwalimu mstaafu, aliyekiri baada ya vikombe viwili vya chai kwamba alipita pale miaka ishirini na sita bila kuomba. Mwaka wa kwanza Stallard alimposa, yeye akakataa, na tangu hapo alipita ameinama nyuma ya ua ili asionekane.

"Umeinama miaka ishirini na sita?"

"Ndiyo maana mgongo wangu uko hivi, mpenzi."

Hicho ni kificho. Hahesabiwi.

Wiki mbili zikaisha hivyo. Gwenda alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza watu, kwa upole wote aliojaliwa, kama waliwahi kukosa adabu, na watu wakaudhika kweli. Na kila adhuhuri alijibanza kwenye miiba ya barabarani, mpaka siku moja kioo cha pembeni cha lori kikamnyakua kofia. Alifika kwa Iris bila kofia na pai imebonyea.

Iris aliitazama pai, akamtazama mdogo wake. "Basi. Nitakwenda huko kwenye kinanda."

"Hutakwenda."

"Nitakwenda kabla hujarudishwa hapa ndani ya hicho kikapu." Akakata kipande cha pai. "Umewauliza wale wa Nyumba Mpya?"

Nyumba Mpya ni nyumba kumi na nane za matofali nyuma ya kanisa, na zina miaka ishirini na mitatu. Wanaokaa humo kijiji bado kinawaita wageni.

"Mbona hukuwakumbuka?" Iris alisema. "Ulikuwa unaingia hapa ukitoa moshi kuliko pai. 'Iris, nimewakuta tena! Wanakatiza shamba, hawaombi, hawasalimu, wamelifanya la baba yao!' Miaka yote hiyo sikula kwa amani."

Gwenda aligeuka rangi taratibu, kuanzia shingoni. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo dada yake hakulijua. Hakuwa amelalamika kwa Iris peke yake. Alikuwa ameandika barua kwa karani wa halmashauri, na si moja.

Jioni hiyohiyo, kabla moyo haujamgeuka, alichukua keki ya limau akagonga nyumba namba nne. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga mtaa ule. Alifungua Carmel Haddow, muuguzi wa miaka hamsini na kitu, mwenye mbwa aliyejaza mlango wote uliobaki. Alimtazama Gwenda, akaitazama keki.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Bi Carmel. Nimekuja kukuuliza kama uliwahi kumwomba Bwana Stallard ruhusa ya kupita shambani kwake."

"Kumbe watu walikuwa wanaomba?"

"Wote."

"Ruhusa ya nini sasa? Kuna njia, kuna daraja. Mtu anaweka daraja ili watu wasipite?"

"Ilikuwa desturi."

"Hakuna aliyetuambia."

"Desturi haiambiwi, Bi Carmel. Mtu huijua."

"Anaijuaje?"

Katika miaka sabini na mmoja hakuna aliyewahi kumuuliza Gwenda hilo. "Naomba niingie," alisema hatimaye. "Keki hii ni nzito."

Alipotoka alikuwa na majina tisa, wote watu wa Nyumba Mpya, wote watovu wa adabu wa kuaminika. Kuhusu zile barua hakusema kitu. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili alijikuta anasifia mapazia.

Afisa wa kaunti alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mafua. Alikaa mbele ya ukumbi wa kijiji, chini ya picha ya timu ya kriketi, akasikiliza. Wale tisa wakatoa ushahidi wao. Kisha Bwana Pryce akasimama. Hakuwa na wakili, alikuwa na karatasi moja tu, na alizungumza vizuri kiasi kwamba safu ya mbele ilianza kumpenda.

"Siwaiti majirani zangu waongo," alisema. "Lakini arobaini na watatu wameandika kwamba walipita kwa ruhusa. Hawa tisa wanasema hawakuomba. Nani anakumbuka sawasawa alikopita miaka ishirini iliyopita?"

Afisa akapenga kamasi. "Je, kuna maandishi yoyote ya wakati ule?"

Ottley alikohoa. Mbele yake kulikuwa na faili la kijani la barua za malalamiko. Hakulifungua, alimtazama Gwenda tu, na kwa mara ya kwanza macho yale ya mizani yalikuwa na huruma. Barua ni zake, uamuzi ni wake.

Gwenda aliutazama mlango. Akamtazama Iris, aliyeletwa kwa gari la Carmel na kuketishwa karibu na hita. Kisha akaenda mbele, akafungua faili, akachukua barua ya juu.

"Tarehe tisa Mei," akasoma, na kutaja mwaka: ulikuwa umepita miaka ishirini na miwili. "Kwa Karani. Naandika kwa masikitiko. Leo tena nimemwona yule mwanamke wa namba nne, mwenye mbwa mkubwa na sauti kubwa kuliko mbwa, akikatiza shamba la Bwana Stallard mchana kweupe, bila ruhusa, bila haya, kana kwamba ameachiwa urithi."

Gwenda hakuthubutu kuinua macho.

"Huyo si ndiye mimi!" ikasikika sauti ya Carmel, na kweli ilikuwa kubwa. "Jamani, huyo ni mimi! Soma tena hapo pa sauti!"

Mtu akacheka. Kasisi akafuata. Gwenda akasoma ya pili, ambayo ilimhusu mwanamume wa namba kumi na kaptura zake, na mwanamume wa namba kumi akasimama akainama kwa heshima. Kulikuwa na barua ishirini na mbili, zenye tarehe, saa na hali ya hewa, zikienda mwaka hadi mwaka bila kukatika. Ilipofika ya saba watu walikuwa wanapiga makofi.

"Na Bwana Stallard alichukua hatua gani dhidi ya watu hawa?" afisa aliuliza.

"Hakuna, mheshimiwa. Hakuwazuia, wala hakuwaruhusu. Alikaa kwenye trekta lake akiwatazama." Gwenda alipekua faili. "Hilo pia nililalamikia. Barua ya tano."

Hata Bwana Pryce alikuwa anafuta macho.

Jibu lilikuja Oktoba. Miezi yote hiyo Carmel alimpeleka Gwenda kwa gari kila adhuhuri, na wakati ana zamu hospitalini kazi hiyo ilifanywa na mwanamume wa kaptura. Njiani walibishana juu ya kila kitu, na Gwenda aligundua kwamba anaifurahia sauti ile, hasa vioo vikiwa wazi. Barua ya kaunti ilikuwa na kurasa sita na lugha ngumu, lakini Ottley aliipima yote akasema haijapungua hata neno: njia ni ya umma, milele. Bwana Pryce aliling'oa kufuli mwenyewe siku hiyohiyo. Karani alimpa Gwenda onyo moja tu: asimshukuru mtu yeyote, asiombe chochote, na jemu ale mwenyewe.

Siku iliyofuata kulikuwa na ukungu mwepesi. Saa sita na robo Gwenda aliingia shambani na kikapu, na nani amesimama karibu na kidaraja, na mabuti ya mpira yasiyo na tope hata kidogo, kama si Bwana Pryce.

"Habari za mchana, Bi Tranter! Karibu, karibu sana, pita."

Maneno yote ya miaka sabini na mmoja yalimjaa Gwenda mdomoni: asante, samahani, umefanya vyema, nisikusumbue. Aliyameza moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na mfupa.

"Sikaribishwi, Bwana Pryce," alisema. "Napita."

Akapita. Alifika kwa Iris anahema, mashavu yamewaka.

"Una nini wewe?" Iris aliuliza.

"Nimekosa adabu, dada."

"Umekosa vizuri?"

Gwenda alikaa chini, akavua kofia yake mpya, akafikiri. "Vizuri mno."

"Sawa. Lete sahani," alisema Iris, akiuangalia moshi wa pai kwa mashaka. "Naona umezidisha chumvi tena."