Aliyetoka Bado Yuko Mkekani

Nilisikia kandambili zikipiga sakafu ya koridoni, haraka haraka, kabla sijaona mtu. Katika hospitali yetu ya Kasongo watu hawakimbii ovyo mchana. Jua limewafundisha kutembea. Dada yangu aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kutunzia fishi, yaani rekodi za wagonjwa. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake na daftari la riwaya yangu, nikijidanganya kwamba nafanya kazi.

Muuguzi wa zamu aliingia akihema.

"Mudogo wangu, mashini yako inasema uongo. Ule mama aliyetoka kijiji cha Wamaza, wa kitanda cha nne, asubuhi niliandika na vidole hivi: penisilini inamuvimbisha koo. Sasa fishi inasema hana shida na dawa yoyote."

"Mama, una hakika?"

"Bwana yake ndiye aliniambia, kisha akapanda pikipiki kurudi kuangalia watoto. Simu yake haipiti. Na mugonjwa mwenyewe haamuki."

Daktari alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji, anapasua mtu. Alikuwa ameacha neno: akitoka tu, mama yule achomwe sindano ya penisilini. Dawa nyingine ilikuwepo, lakini zilibaki chupa za kumtibu mtu mmoja, naye aliziweka kwa ajili ya asiye na njia nyingine. Hangezitoa kwa kumbukumbu ya muuguzi ambaye hajalala tangu jana.

Dada yangu hakubishana. Alinieleza huku vidole vikikimbia. Kila fishi inapewa nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta. Mgonjwa akiondoka, nafasi inarudishwa, na mashine inaweza kumpa mwingine saa ileile. Aliogopa kwamba mahali fulani programu inaendelea kuigusa nafasi iliyokwisha kurudishwa. Kosa la namna hiyo halipigi kelele. Programu inakwenda vizuri tu, na maneno ya mtu yanakaa kwa mtu mwingine.

Basi akaijenga programu upya, safari hii akaitia mlinzi ndani. Nafasi ikirudishwa, mlinzi anaifunga, hampi mtu kwa muda, na kila mguso anaukagua. Atakayeigusa, programu inakufa papo hapo na kutaja nani amegusa na nani alirudisha.

"Itatembea polepole," alisema. "Wewe ndiwe muuguzi. Ingiza watu, toa watu."

Nikaingiza, nikatoa, nikaingiza. Kimya. Nikarudia mara nne, mara tano. Kimya. Dirishani tuliona machela ikitolewa chumba cha upasuaji; daktari alikuwa amemaliza.

Muuguzi alikuwa akinitazama kwa dharau. "Na munafikiri ni hivyo tunafanya? Toka hapo."

Akakaa. Akarudia ya asubuhi tangu mwanzo: akafungua fishi ya bibi mzee aliyekuwa kitanda cha nne kabla ya yule mama. Akabonyeza "Ametoka", lakini fishi yenyewe hakuifunga. Akamwingiza mama wa Wamaza. Kisha akarudi kwenye ile ya bibi na kuanza kuandika.

"Ngoja," dada yangu alisema. "Huyo si ametoka?"

"Ametoka kitandani! Iko palepale chini, kwa mukeka, anangoja pikipiki ya kumurudisha kwao Nyangwe. Dawa ya saa sita nimupe nani? Kwenu mutu akitoka anapaa?" Hakuinua macho. "Asubuhi nilimuuliza kama dawa inamusumbua, akasema hapana. Nikaandika hivi: hana."

Fishi zikatoweka zote. Skrini ikajaa mistari.

Dada yangu aliweka kidole juu ya mstari mmoja, kisha mwingine. Hapa imeguswa. Hapa ilirudishwa, bibi alipotolewa. Asubuhi hapakuwa na mlinzi. Nafasi ya bibi ilikuwa imekwisha kupewa mama wa Wamaza, na lile "hana" likaangukia juu ya koo lake.

Neno "Ametoka" dada yangu alikuwa ameliandika nyumbani, mbali na wodi, mahali ambapo aliyetoka ametoka kweli. Mimi niliyelala wiki nzima kwenye mikeka hiyo, mama yetu alipougua, sikuwa nimemwambia kwamba hapa anayetoka hubaki chini akingoja.

"Andika," muuguzi alisema. "Dokta anataka karatasi."

Dada yangu alichana ukurasa wa riwaya yangu bila kuniomba. Nyuma yake akaandika kwamba fishi ya kitanda cha nne imeharibiwa na programu, kwamba neno la muuguzi ndilo la kweli, asipewe penisilini. Akatia sahihi.

"Na wengine?" niliuliza.

"Wote waulizwe kwa mdomo. Leo hii."

Sauti ya daktari ilisikika koridoni ikiuliza sindano iko wapi.

"Iko, dokta, lakini si ile ya penisilini!" muuguzi alipaza sauti. Akanyakua karatasi, akachomoka, na mlango ukajibamiza nyuma yake.